Bi Arlys Tveit: Miaka Thelathini na Moja ya Baruti, na Mshindo Mmoja Uliotunyamazisha

Leo Ijumaa, tarehe thelathini Mei, Bi Arlys Tveit anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika chumba cha majaribio cha kiwanda chetu cha baruti hapa Montana. Meneja wetu, Merle Stroud, aliniomba niandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha, usomwe kabla ya chakula. Haki ya Mungu, nimejaribu. Lakini kila nikianza na kichekesho, masikio yangu yanausikia tena ule mshindo wa majuma mawili yaliyopita, nakifuta. Bi Arlys aliponiona nahangaika alinipa sharti lake kwa ufupi: "Roy, andika yote, au ondoa jina langu." Basi naandika yote. Merle, utanisamehe.

Alikuja kwetu akitokea shamba la ng'ombe la wazazi wake upande wa mji wa Winifred, akaajiriwa kufunga makopo ya baruti. Baba yake alikuwa amemfundisha kuwinda kwa bunduki ile ile anayoitumia hadi leo, na kujaza risasi juu ya meza ya jikoni, kama wafanyavyo watu wengi huku: unaliokota ganda lililokwisha kupigwa, unalipachika fataki mpya ya kuwashia kitakoni, unatia baruti uliyoipima, unafunga juu yake kichwa cha risasi. Siku moja mtu wa chumba cha majaribio aliugua mafua, wakamwazima Arlys kutoka kwenye makopo. Hawakumrudisha. Msimamizi wa makopo alilalamika mpaka akastaafu yeye.

Kazi yenyewe ni kitabu. Kila baada ya miaka michache tunachapisha kitabu kinachomwambia mtu aliye nyumbani kwake: kwa kichwa cha uzito huu, tia baruti hii, usianze chini ya hapa, usipite hapa. Nyuma ya kila mstari wa kitabu hicho kuna mtu aliyefyatua risasi ndani ya handaki letu, akapima kasi yake na nguvu ya gesi ndani ya mtutu. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Bi Arlys. Jina lake liko ukurasa wa mbele, na wawindaji huko madukani humtaja kana kwamba ni shangazi yao.

Kila mgeni aliyeajiriwa alipitishwa kwenye somo la gari. Alikuwa analeta pikapu yake uani, theluji ikiwa imeshindiliwa vizuri, anaiweka gia huru, anakuambia sukuma kwa nguvu zako zote. Pikapu tupu inateleza, inakuacha nyuma ukikimbilia hewa. Kisha anajaza magunia ya chakula cha ng'ombe nyuma, anasema sukuma tena vile vile. Hapo ndipo mtu anaona cha mtema kuni. Gari halitaki kuondoka, miguu inachimba, na nguvu yote unayoitoa inakurudia kifuani. Mimi siku yangu niliangukia theluji kifudifudi, na Arlys akanisimamia kichwani akiendelea kufundisha.

"Kifua chako ndicho chumba cha risasi, pale inapolala ndani ya bunduki," alisema. "Kichwa chepesi kinaondoka mapema, gesi inapata nafasi, inapumua. Kichwa kizito kinang'ang'ania. Baruti inaungua nyuma yake haina pa kwenda, gesi inabanana, na baruti ikibanwa inaungua haraka zaidi. Kinatoka kwa kasi ndogo kuliko kile chepesi, lakini chumba kimeumia zaidi. Umeelewa, au unataka kusukuma tena?"

Nilielewa. Nani angesema hakuelewa?

Na kinyume chake nacho kina kisa. Mfugaji mmoja wa mji wa Jordan, hapa hapa Montana, alipiga simu akiwa amefura. Alidai baruti yetu ni mbovu: akiitumia, bunduki inatema ndimi za moto kubwa kama kofia, na risasi inakwenda kivivu. Arlys alimuuliza maswali mawili tu, uzito wa kichwa na jina la baruti, kisha akamwambia atandike shuka jeupe mbele ya mtutu, apige, aende akaangalie. Mzee akarudi kwenye simu mnyonge. Shuka lilikuwa limejaa punje ambazo hazikuungua. Alikuwa ametumia baruti ya polepole, ya vichwa vizito, nyuma ya kichwa chepesi. Kichwa kilishatoka mlangoni wakati baruti bado inavaa viatu. Kesho yake mkewe ndiye aliyepiga simu. Shuka lilikuwa la harusi yao, na lilikuwa na matundu. Arlys alimsikiliza yule mama mpaka mwisho, akamwomba radhi, na alipokata simu alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Lakini jambo moja hakulicheka kamwe. Katika chumba chake hakuna risasi iliyojazwa kwa sauti moja. Mmoja anasoma lebo ya boksi na namba ya mizani kwa sauti, mwingine anaangalia na kuitikia. Msomaji na mwitikiaji. Uwe na shahada, uwe umezaliwa na bunduki mkononi, utasoma na utaitikiwa. Merle aliwahi kusema tunapoteza muda. Arlys akamjibu kwamba jicho moja hudanganywa na tumbo lenye njaa, na yeye, Merle, ana tumbo kubwa. Hoja ikafungwa.

Sasa nafika kwenye ule mshindo.

Wageni wetu wa leo wasioijua desturi yetu wajue hivi. Mtu akikaribia kustaafu, tunafanya siku ya mishindo. Kila mfanyakazi anamjazia risasi moja kwa ajili ya bunduki yake, nyumbani, peke yake, kwa siri, na kuitia alama ya jina lake kwa wino kitakoni. Mstaafu naye anajaza moja yake, ya kuagia, kwa kiwango cha juu kabisa kinachoruhusiwa na kitabu. Zote zinachanganywa ndani ya kofia. Anakaa kwenye benchi la kulengea, anachukua bila kuangalia, anapiga bamba la chuma lililoko ng'ambo ya korongo, kisha anabashiri ni ya nani kwa mlio na teke la bega. Akikosea, aliyeijaza anaruhusiwa kumsimanga. Siri ndiyo utamu wa mchezo. Miaka nenda miaka rudi hatukuona ubaya wake.

Siku ile jua lilikuwa zuri, upepo umelala. Vern, mume wake Arlys, alileta sufuria ya nyama ya elki, yule paa mkubwa wa huku, yenye maharage na pilipili, na Lois wa ofisini alileta mkate wa matunda ya mwituni. Arlys akavaa miwani yake mikubwa ya kukinga macho, akapiga ya kwanza.

"Hii ya Merle," alisema hata bamba halijamaliza kulia. "Bahili mpaka wa baruti."

Tukaangua kicheko. Ganda likageuzwa: kweli, alama ya Merle. Ya pili akasema imepiga kwa adabu, basi ni ya Lois. Kweli tena. Ya tatu ilikuwa yangu, akasema imechelewa kuamka kama mwenyewe. Watu walikuwa wanajishika mbavu. Dwight Kolstad, mwenzetu wa handaki anayependa risasi kali kuliko sisi wote, alikuwa akipiga kelele nyuma, "Bado yangu, mama! Yangu itakunyoosha nywele!"

Akachukua ya nne.

Sijui niueleze vipi mlio ule. Haukuwa mkubwa sana. Ulikuwa mfupi na mkavu, wa kitu kinachovunjika. Moshi ukatoka pembeni mwa bunduki, mahali ambapo moshi hautakiwi kutoka, na Arlys akarudi nyuma huku mikono yake imeachia. Miwani ilikuwa nyeusi tii. Shavuni palikuwa na vitone vya damu. Jamani! Nimefanya kazi na baruti nusu ya maisha yangu, na sikuwahi kuona kitu kama kile.

"Arlys!" Vern alidondosha mwiko akakimbia. "Macho! Macho yako!"

"Nipo," alisema. "Usinipigie kelele, Vern. Masikio ndiyo mazima, niachie hayo."

Miwani ilimwokoa. Nyuma ya lenzi ngozi ilikuwa safi. Bunduki ya baba yake ndiyo iliyoumia: komeo lake, lile la kufungulia chumba, lilikuwa limekwama kabisa, na ganda limeng'ang'ania ndani. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kuona alama ya kitakoni. Kila mmoja wetu akaanza kuhesabu moyoni alichokijaza, na hakuna aliyekuwa anamtazama mwenzake usoni.

Ila Merle. Merle alimgeukia Dwight, shingo imemvimba mishipa. "Wewe! Nimekuonya mara ngapi na risasi zako za kishetani? Si ulikuwa unajisifu hapa sasa hivi?"

Dwight alikuwa mweupe kama karatasi. "Sijui, Merle. Nilipima. Nilipima mara mbili." Akashika kichwa. "Mungu wangu, labda ni mimi. Arlys, labda ni mimi."

"Jumatatu usije kazini," Merle akasema. "Usije kabisa."

Mke wa Dwight alikuwa pale, ana mimba ya kwanza. Aliweka sahani yake chini taratibu, akasimama. Hakuna aliyemtetea mumewe, nami nikiwemo, kwa sababu wote tulikuwa tunafikiri vile vile.

"Merle, funga mdomo kidogo," alisema Arlys. Alikuwa bado amekaa, anajipangusa shavu kwa leso ya Vern. "Roy, lete kofia. Nisomee zilizobaki."

Nilimwekea kofia mapajani. "Si hizi hapa? Zina wino mkubwa tu."

"Nimesema nisomee."

Nikaanza kusoma, alama baada ya alama, na yeye akiitikia kila moja, kama tulivyozoea kazini. Nilipofika katikati nikasoma D.K., ya Dwight, nzima, haijapigwa. Dwight alikaa chini kwenye nyasi akaficha uso. Nikaendelea mpaka kofia ikawa tupu.

"Soma tena," alisema. Nikasoma tena. Ndipo nilipogundua ni alama ipi haimo.

"Basi ni yangu," akasema Bi Arlys. "Mwache Dwight. Hii nimeijaza mimi."

"Haiwezekani," Merle alisema. Wote tulisema haiwezekani. Lois alisema kwa sauti kubwa, kwa hasira, kana kwamba ametukanwa. Arlys Tveit? Yule aliyemfukuza mtu chumbani kwa kuacha makopo mawili wazi mezani? Ni heri ungeniambia jua limechomoza mashariki, kule Dakota, likazama huko huko.

Vern alikwenda nyumbani, mimi nikamfuata. Juu ya benchi la Arlys la kujazia risasi palikuwa na maboksi mawili ya vichwa, ya kampuni moja na rangi moja. Moja limeandikwa mia na hamsini, kwa greni, kile kipimo kidogo cha uzito tunachotumia. Hilo lilikuwa limefungwa, utepe wake haujakatwa. La pili limeandikwa mia na themanini. Hilo ndilo lililokuwa wazi, na lilikuwa limepungua kichwa kimoja. Alikuwa amepima baruti ya juu kabisa kwa kichwa chepesi, akafunga juu yake kichwa kizito. Magunia juu ya pikapu, nasi tumesukuma kwa nguvu zote. Kosa lile lile alilotufundisha kuliogopa kabla hatujajua choo kiko wapi. Mganga hajigangi, wahenga walisema, lakini sikujua kama methali inaweza kumtoa mtu jasho.

Tuliporudi aliwaambia wote. Tangu Desemba, katikati ya macho yake yote mawili kumeingia ukungu, na daktari wa mjini Billings amemwambia hautaondoka. Pembeni anaona, katikati haoni; hata lile bamba, kubwa kama mlango, alikuwa analipiga kwa mazoea na pembeni ya jicho. "Nakuona masikio, Roy," alisema. "Uso sikuoni. Si hasara kubwa." Tulidhani anastaafu ili akavue samaki na Vern. Hata Vern alikuwa anajua nusu tu.

Mimi nilikaa kwenye gari langu peke yangu kwa muda. Kipindi chote cha baridi alikuwa ananiambia kazini, "Soma wewe leo, mimi niitikie," nami nikavimba kichwa, nikidhani nimepandishwa cheo. Kumbe nilikuwa macho yake. Na pale nyumbani, kwa ajili ya mchezo wetu wa siri, tulimwacha peke yake na maboksi mawili yanayofanana. Hasira niliyoisikia siku ile haikuwa juu yake. Ilikuwa juu ya kofia ile na upumbavu wetu sote.

Merle, kwa heshima yake nasema hivi, aliogopa. Kitabu kipya kilikuwa tayari kwa mchapaji. Alimwita Arlys ofisini, akaniita na mimi, akafunga mlango. "Hili limetokea kwenye pikiniki," alisema. "Halihusu kitabu. Kazini mlikuwa wawili. Tunyamaze, ustaafu kwa heshima yako."

"Kitabu kisimame," alisema Arlys.

"Arlys, tafadhali."

"Kuna mtu ataketi jikoni kwake kule Roundup, peke yake, kitabu changu mbele yake. Haniulizi macho yangu yakoje. Ananiamini. Nilichopima tangu Desemba kipimwe upya, chote, na asikipime Roy. Akipime Dwight. Yeye nilikaribia kumpotezea kazi yake, basi ndiye mwenye haki ya kunihukumu."

"Na tukikuta umekosea?"

Hapo sauti yake ilibadilika kidogo. "Utalifuta jina langu," alisema. "Na chakula cha kuniaga msipike."

Merle aliivuta simu. Kisha akampigia mchapaji, akamwambia asimamishe. Baadaye alitoka nje, akampa Dwight mkono mbele ya watu wote, akamwomba radhi kwa maneno, si kwa kukohoa. Sijawahi kumwona Merle akifanya hivyo kabla, na nampa haki yake.

Wiki iliyofuata haikuwa na utani. Dwight na Lois walifyatua handakini asubuhi hadi jioni, mmoja akisoma, mwingine akiitikia. Arlys alikuwa anakuja kila siku, anakaa korido kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya mkoba, akisikiliza tu. Ukipita unamsalimu, anaitikia, unaondoka. Miaka thelathini na moja ilikuwa ndani ya chumba kile, na yeye yuko nje ya mlango.

Jumanne ya wiki hii Dwight alitoka akiwa amevua vizibo vya masikio. "Yote sawa, mama," alisema. "Kila mstari. Nimetafuta kosa lako mpaka nimechoka." Na hapo Bi Arlys Tveit, ambaye hakutoa chozi bunduki ilipompasukia usoni, alilia kama mtoto. Dwight naye akalia, Lois akatuambia sote tuache ujinga, huku yeye ndiye anayelia zaidi.

Kitabu kimekwenda kwa mchapaji, na jina liko palepale. Ukurasa wa mbele una sentensi mpya, aliyoitaka yeye: usijaze risasi peke yako kama kuna mtu nyumbani anayeweza kukusomea. Merle aliuliza kama hiyo ni sayansi. Aliambiwa ndiyo.

Jana mchana tulirudi kwenye benchi. Risasi ya kuagia ilikuwa bado haijapigwa inavyotakiwa, na Arlys alisema haondoki na deni la mshindo. Aliijaza mezani kwetu, mchana kweupe, watu wamemzunguka. Dwight alisoma boksi. Arlys alipapasa kichwa cha risasi kwa kidole, akaitikia. Dwight alisoma mizani, mimi nikaangalia, Arlys akaitikia tena. Bunduki ilikuwa ya Dwight, kwa sababu ile ya baba yake bado iko kwa fundi. Ikalazwa juu ya mifuko ya mchanga, Dwight akalenga, kisha akajitoa, akampisha. Arlys akavuta.

Mshindo wa kawaida. Kwa mara ya kwanza nilijua utamu wa neno hilo. Yeye hakujaribu kulitazama bamba, aliinamisha kichwa tu akangoja mpaka chuma kikalia kutoka ng'ambo ya korongo.

Vern akamuuliza, kwa mujibu wa desturi, "Haya, bashiri. Ni ya nani hiyo?"

Alicheka, akatafuta bega la Dwight kwa mkono mpaka akalipata. "Hii rahisi," alisema. "Hii imejazwa na zaidi ya mtu mmoja."

Bi Arlys, asante kwa kila mstari wa kitabu, kwa theluji uliyonilisha, kwa shuka la watu, na kwa vidole vyetu, ambavyo tunavyo vyote kumi kwa sababu yako. Ile kofia ya siri tumeitupa jalalani. Nenda ukavue samaki, ule vizuri, umsumbue Vern kama ulivyotusumbua. Tunakuombea maisha marefu na mema, na nyumba isiyokosa kamwe mtu wa kukusomea. Mimi niko barabara ya pili baada ya kanisa. Piga simu tu, nitakuja kusoma, nawe utaitikia.

Roy Pelkey
Chumba cha majaribio